Lililonuka Nyuma kwa Aurelia

Kijijini, upande wa Tingi
27 Novemba 2023

Mjomba Melkior,

Shikamoo. Mama ameniambia masikio yako yamegoma kabisa tangu Pasaka, na simu umewapa wajukuu waichezee. Basi nakuandikia kwa kalamu. Barua nampa Nathanieli, konda wa gari la Mbamba Bay. Anasema nyumbani kwako Mbinga anapajua, na kwamba wewe ndiye mwalimu mstaafu anayesimama njiani kuchora magugu.

Huu ni mwezi wa tano tangu niletwe hapa kuwa mtendaji wa kijiji. Nilitamani barua yangu ya kwanza iwe ya kusifia hewa na vilima. Imekuwa barua ya uvundo.

Kuna mama hapa anaitwa Aurelia, miaka yake kama arobaini na mitano. Mume wake Vitalis aliondoka mwaka juzi, akasema anakwenda ziwani kutafuta kazi ya uvuvi. Hakurudi, hakutuma neno. Watoto wao wameolewa mbali. Aurelia anaishi peke yake, anakaanga vitumbua asubuhi na kulima bonde la mpunga aliloachiwa.

Jumatatu ya wiki iliyopita, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha siku tatu, harufu ikatoka nyuma ya nyumba yake. Mjomba, niliwahi kumkuta ng'ombe aliyekufa mtoni siku ya nne. Ilikuwa harufu ile ile, ila hii ilikuwa na utamu ndani yake, kama ndizi zilizooza zimelazwa juu ya nyama. Inaingia mdomoni. Unatema mate, yenyewe inabaki.

Romanus, mdogo wake Vitalis, ambaye ni mjumbe wa serikali ya kijiji, akatangaza kilabuni, "Sasa tumejua kaka yuko wapi."

Alhamisi nyumba ilichimbwa, ndani na nje. Maiti haikuonekana. Kilichoonekana, karibu na choo, ni kitu ambacho sijawahi kukiona. Kilikuwa kama gunzi refu lisilo na punje, jekundu la kuelekea weusi, limezungushiwa jani moja pana lenye rangi ya maini. Limetoka ardhini hivyo hivyo, bila tawi, bila jani la kijani. Nzi wamejaa ndani kama kwenye kidonda. Chini yake kuna kiazi kikubwa kama chungu cha kupikia maharage. Kilikatwakatwa kabla sijakitazama vizuri.

Ungedhani jambo limeishia hapo. Halikuishia. Romanus sasa anasema mmea huo huota palipomwagika damu, kwamba maiti ilihamishwa na ua limebaki kuwa shahidi. Wazee wa ukoo wanataka mkutano wa kijiji wa tarehe 18 Desemba umwondoe Aurelia kwenye nyumba na kwenye bonde.

Nakuuliza wewe uliyetumia maisha yako kuchora jinsi maua yanavyokaa kwenye mashina. Ua kama hilo lipo? Kuna chipukizi jingine hatua nne kutoka lile shimo. Bado limefumba.

Mpwa wako,
Scolastika


Mbinga
30 Novemba 2023

Scolastika mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka dagaa wa Nathanieli, jambo linaloifaa habari yake.

Umeniambia gunzi, umeniambia maini, umeniambia nzi. Hujaniambia kinachonihusu. Maua yenyewe yamekaaje? Watu wakiona alizeti husema ua moja, kumbe ni maua mamia yamekaa kwenye sahani moja. Kahawa yetu hapa hujibana kwenye makwapa ya majani, kifundo baada ya kifundo, na mkulima aliyezaliwa ndani ya kahawa anaweza kufa hajawahi kuinama atazame. Mgomba hutanguliza majike karibu na shina, madume hufuata hadi kwenye ncha. Hakuna mmea unaoweka maua yake ovyo ovyo.

Nadhani nakijua ulichokiona, lakini sitoi ushahidi wa kitu nilichosimuliwa. Fanya hivi. Chipukizi hilo likifunguka, nenda jioni ya siku hiyo hiyo ya kwanza. Funga pua yako kwa kitambaa chenye ganda la limao. Chukua kisu kikali, lipasue katikati toka juu hadi chini, kisha uniandikie unachokiona kuanzia chini kwenda juu. Usiniandikie unachohisi. Unachohisi nimekwisha kukisoma.

Chora pia. Ulipokuwa kidato cha pili ulikuwa na mkono mzuri kabla hujaanza kupenda mihuri.

Jambo moja dogo. Unasema nyumba ilichimbwa. Na nani?

Mjomba wako,
Melkior


Kijijini, upande wa Tingi
5 Desemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Limefunguka juzi. Nimefanya kama ulivyoagiza, ingawa sitarudia tena maishani mwangu.

Nilifika kwa Aurelia saa kumi na moja jioni. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Ndani mashimo bado yako wazi, kitanda kimesimamishwa ukutani, yeye analala jikoni juu ya magunia. Nilimsalimia, hakuitikia. Nadhani anaona aibu.

Ninaandika kuanzia chini kwenda juu. Chini kabisa, ndani ya lile jani la maini lililojikunja kama kikombe, kuna vidundu vidogo vya zambarau, kila kimoja na kishingo chake kifupi. Vimeuzunguka mti wa katikati kwa mistari kama punje za hindi changa. Nilihesabu mpaka tisini nikapoteza hesabu kwa sababu ya nzi. Juu ya hivyo kuna mkanda wa chembe nyeupe zinazoelekea unjano, kama mchele uliobanwa, zimebanana kuliko vidundu vya chini. Juu ya mkanda huo hakuna kitu. Ni mti mtupu, laini, wenye rangi ya damu iliyoganda, urefu wake kutoka kwenye vidole vyangu hadi kwenye kiwiko. Ndani ya kikombe nilikuta mende weusi wadogo wanapanda na kushuka.

Niliugusa ule mti mtupu. Mjomba, ulikuwa na joto. Joto la mtu mwenye homa. Nilikitupa kisu nikaenda kutapika kwenye mihogo ya jirani, na jirani alikuwa anatazama.

Mchoro nimeuambatanisha. Doa lililoko kwenye kona si sehemu ya ua.

Umeuliza nani walichimba. Ni wanaume wa ukoo wa Vitalis. Kibali kilikuwapo.

Tafadhali nijibu mapema. Tarehe 18 haiko mbali, na watu hapa wameshaanza kugawana bonde kwa midomo.

Scolastika


Mbinga
8 Desemba 2023

Scolastika,

Marahaba. Mchoro wako ni mzuri kuliko nilivyotegemea. Sasa nasema kwa uhakika.

Hilo ni ndugu wa magimbi. Magimbi haya haya yanayochemshwa na kuliwa na chai. Vidundu vya chini ni maua majike. Chembe za mkandani ni maua madume. Ulichokata, basi, si ua moja, ni kijiji kizima cha maua yaliyokaa kwenye mti mmoja, kila kundi mahali pake. Ule mti mtupu wa juu hauzai chochote. Kazi yake ni kunuka, na hupata joto ili harufu ipande na kufika mbali. Nzi na mende wa mizoga wanadhani kuna mzoga. Wanashuka ndani wakiwa wamebeba unga wa ua jingine na kuwapaka majike. Kesho yake madume nayo humwaga unga, wadudu wakatoka nao. Shughuli ni ya siku mbili. Kisha mti wote unalala chini kama kitambaa kilicholowa, na kama kiazi kimeachwa kikiwa hai, hutoka jani moja kama mwavuli juu ya bua lenye madoadoa. Hilo jani kila mtu hapo kwako amelipita mara mia bila kulitazama. Hawakuwahi kuliunganisha na uvundo kwa sababu viwili hivyo havionekani wakati mmoja.

Haliotei damu. Linahitaji udongo na mvua. Nimeliona mara tatu maishani, na mara moja lilikuwa nyuma ya bweni la shule ambako hakuna kilichokufa isipokuwa hamu ya kusoma.

Karatasi ya pili ni maelezo haya haya kwa lugha ya mkutano, na sahihi yangu. Isome tarehe 18. Ya tatu, iliyokunjwa, ni ya Aurelia. Nimemchorea ua zima na kumpa pole kwa waliyomtendea. Mpe mkononi. Usimsomee, wala usimfafanulie.

Sasa nirudi kwako. Nimefundisha baiolojia miaka thelathini na moja, lakini nimesahihisha na insha. "Nyumba ilichimbwa." "Kilikatwakatwa." "Kibali kilikuwapo." Kilikuwapo kama ukungu? Kibali hakiwi tu, hutolewa, na huwa na jina chini yake. Nakuuliza mara ya pili, na sipendi kuuliza mara ya tatu.

Melkior


Kwa Aurelia, Tingi
12 Desemba 2023

Mwalimu Melkior,

Shikamoo. Mimi ndiye Aurelia wa lile ua. Karatasi yako nimeipata, Mtendaji aliiacha dirishani akaondoka. Nimeisoma mwenyewe. Niliishia darasa la saba ila kusoma najua. Umelichora vizuri mpaka nilitaka kuichana, halafu nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo.

Umeandika pole kwa waliyonitendea shemeji zangu. Inaonekana hujaambiwa yote. Naomba nikuambie, maana wewe ndiye mtu wa kwanza kunipa pole.

Kibali alikitoa Mtendaji, mpwa wako. Alikiandika kwa mkono wake akagonga muhuri akampa Romanus. Nilikuwa nimesimama pale pale ofisini. Nikamwambia, "Mtendaji, mimi sijaua mtu. Njoo kwanza wewe uone, nyuma kuna kichaka tu." Akanijibu, "Mama, harufu yako imefika mpaka hapa." Alisema harufu yako.

Walichimba sebuleni, chumbani na uani. Walipolipata lile ua na kulikata, Romanus akasema anayestahili kubeba ni mke. Wakaniwekea vile vipande mikononi, bila jembe, bila hata jani la mgomba, wakanitembeza mpaka barabarani ili watu waone. Maji yake yalinichuruzika mpaka kwenye viwiko. Nzi walinifuata usoni na sikuwa na mkono wa kuwafukuza. Mtendaji alikuwepo. Alikuwa ameziba pua kwa mtandio na anaandika kwenye daftari. Sijui alikuwa anaandika nini.

Nimeosha mikono kwa majivu, kwa limao, kwa sabuni ya unga mpaka ngozi imechubuka. Vitumbua hakuna anayenunua. Kuna mtoto alinunua kimoja, mama yake akamtapisha kwa kidole mbele yangu. Kanisani nikikaa, benchi linabaki langu peke yangu.

Sikuandikii ili umgombeze. Uliuliza kama nina shida ya kitu. Sina. Mbegu za mpunga ninazo.

Ni mimi,
Aurelia


Mbinga
15 Desemba 2023

Scolastika,

Aurelia ameniandikia. Nimesoma mara moja, sikuweza mara ya pili.

Mama yako hataijua habari hii kupitia kwangu. Sikufichii kwa upendo. Naona tu kichefuchefu kuitamka.

Ulinihesabia vidundu tisini. Uliniambia hata mende ni wa rangi gani. Uliniambia mama huyu hakuitikia salamu kwa sababu anaona aibu. Nimekaa kibarazani tangu asubuhi nikiwa na hiyo sentensi, na chai imepoa mara mbili. Nimewajua watu waongo, na wengine nimewafundisha mwenyewe. Lakini mtu anayemtwisha mwenzake aibu yake kisha akaja kwangu kuomba elimu ya maua, huyo sikumtegemea katika nyumba ya dada yangu.

Karatasi yangu bado ni ya kweli, kwa hiyo isome. Lakini usinitumie kama sabuni.

Ulikuwa unaandika nini kwenye lile daftari?

Usinijibu kabla ya mkutano.

Melkior


Kijijini, upande wa Tingi
21 Desemba 2023

Mjomba,

Shikamoo, ukiipokea.

Nilikuwa naandika majina ya watu waliohudhuria uchimbaji. Hakuna aliyeniagiza. Nilitaka tu macho yangu yawe kwenye karatasi. Niliandika majina hamsini na mawili, na baadhi niliyaandika mara mbili.

Kibali nilikitoa mimi. Nilipofika hapa Romanus alinipokea kwa debe la unga na kuni, akanionyesha mipaka ya kijiji, akanifundisha nani anasalimiwa vipi. Alipokuja na ombi lake nilijua halina sheria. Lakini ile harufu ilikuwa imekaa kooni mwangu siku tatu, sikuweza kula, na Aurelia aliposimama mlangoni nilimwona yeye ndiye uvundo wenyewe. Nilitaka atoke ofisini. Kusaini kulikuwa njia fupi ya kumtoa. Huo ndio ukweli na hauna sehemu nzuri.

Sasa mkutano. Tulikaa kwenye uwanja wa shule, tukatoa ubao nje, nikachora ua lote na kusoma karatasi yako. Walisikiliza mpaka nilipofika kwenye magimbi. Mzee mmoja akatema mate pembeni. Mwingine akauliza, "Huyo mwalimu wa Mbinga amefika hapa? Amechimba chini zaidi?" Watu wakacheka. Romanus akasimama, mpole kabisa, akasema anaheshimu elimu, ila ukoo hauwezi kumzika ndugu yao kwa mchoro wa ubaoni.

Ndipo Ida akanyoosha mkono. Ida ni mama anayetuletea samaki kutoka Mbamba Bay, na mara nyingine huvuka na mashua za upande wa Msumbiji. Alisimama na ndoo yake miguuni.

"Nani anazikwa?" akauliza. "Vitalis? Vitalis mimi nilimwona Metangula mwezi wa nane. Ana mwanamke wa kule na mtoto anayetambaa. Alinisalimia vizuri tu."

Mwenyekiti akamuuliza, "Na miezi yote hii umekaa nayo?"

"Sikukaa nayo. Habari ya kumvunja mwenzangu moyo siwezi kuipeleka mimi mpita njia. Nilimwambia shemeji yake amfikishie." Akamwelekeza Romanus kidole. "Nilimwambia huyo, wiki ile ile, nikimpimia dagaa."

Watu wote wakageuka. Mjomba, mtu akiambiwa kwamba ndugu yake aliyekuwa anamlilia yu hai, uso hubadilika. Uso wa Romanus haukubadilika. Alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu. Mwenyekiti alimwita kwa jina mara tatu ndipo akajibu, "Nilidhani ni mtu anayefanana naye." Kisha, watu walipoanza kunung'unika, akasema, "Bonde ni la ukoo. Mwanamke asiye na mume analima la nani?"

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa. Alijua tangu mwezi wa nane. Alijua alipokuja ofisini kwangu ameziba pua na machozi machoni. Alijua alipomwekea Aurelia vile vipande mikononi.

Nilisimama nikasema kibali nilikitoa mimi bila kwenda kuangalia, na kwamba hakikuwa halali. Sauti ilitoka ndogo, mwenyekiti ikabidi arudie maneno yangu kwa watu wa nyuma. Aurelia alikuwa amekaa chini pembeni, peke yake. Hakunitazama.

Mkutano umeamua abaki kwenye nyumba na bonde. Waliochimba wamefukia mashimo jana na kusiriba sakafu. Suala la Romanus limepelekwa ngazi ya kata. La kwangu nimelipeleka mwenyewe wilayani kwa barua, na nimeitwa Mbamba Bay baada ya mwaka mpya. Sijui nitarudi na cheo gani au bila cheo.

Lakini nikuambie kilichonichefua kuliko yote. Mkutano ulipofungwa, akina mama wale wale waliohama benchi walimkimbilia Aurelia. Wakamkumbatia, wakamshika mabega, "Pole dada, wanaume ndivyo walivyo, ehe, na huyo mwanamke wa Metangula yukoje?" Walikuwa na njaa, Mjomba. Mmoja alijifuta mikono kwenye kanga yake alipomaliza kumkumbatia. Hakujua kwamba amejifuta. Mimi nilimwona.

Nilingoja mpaka wakapungua, nikamwendea. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikasema, "Mama Aurelia, nimekuja kuomba msamaha."

Akasema, "Mtendaji, sogea kidogo. Umenizibia njia."

Nikasogea. Akapita.

Scolastika


Mbinga
10 Januari 2024

Scolastika mwanangu,

Marahaba, nimeipokea.

Najua ulikuwa umeshakwenda Mbamba Bay, kwa hiyo hukuniona. Jumamosi ya tarehe 6 nilipanda gari la Nathanieli nikashuka kijijini kwako. Sikuja kukutetea wala kukulaumu. Nilisema nimwone huyo mama niliyemwandikia nikiwa nimekaa mbali na harufu.

Alinipokea vizuri. Kwa kuwa sisikii, nilimpa daftari langu na penseli, tukawa tunazungumza hivyo, yeye akiandika taratibu huku akinitamkia maneno kwa mdomo. Sakafu imesiribwa ovyo. Niliikanyaga ikabonyea. Aliandika kwamba vitumbua vinanunuliwa tena, na kwamba wanaonunua humwita dada. Akauliza kama Metangula ni mbali. Nikamwambia ni ng'ambo ya mpaka, kusini, kwa mashua ni safari ya kuchosha. Akatikisa kichwa, akaandika kwamba haulizi kwa ajili ya kwenda.

Nilimuuliza kuhusu wewe. Aliandika, "Alifanya vizuri kusema. Sitaki kumwona." Nakupelekea maneno hayo kama yalivyo. Usiyatafutie nafuu ndani yake, na usiende mlangoni kwake kuitafuta.

Kisha akapika. Akaleta ugali na mbasa aliyechomwa, mkubwa, sijui alimtoa wapi kwa haraka vile. Alininawisha. Alipoona ninahangaika na miiba, kwa sababu macho nayo yameanza kufuata masikio, alivuta sahani yangu, akanichambulia samaki kwa vidole vyake, akatoa miiba yote na kunirudishia nyama imekusanywa vizuri upande mmoja. Ndivyo binti anavyomfanyia babaye.

Scolastika, mimi najua kila ua lilipokaa kwenye mti ule. Najua uvundo ule haukai kwenye ngozi hata siku tatu, na zilikuwa zimepita arobaini na nne. Nilikuwa nimeandika hayo kwa wino na kuweka sahihi yangu. Mkono wangu ulikwenda mpaka karibu na ile nyama ukasimama. Ulisimama kwa muda wa pumzi moja, labda mbili. Nilikuwa nautazama kama mkono wa mtu mwingine.

Aliona. Nilitaka kusema ni uzee, ni macho, ni samaki wa moto. Nilikuwa na uongo mwingi tayari, na kila mmoja ulikuwa na adabu. Nikakumbuka barua niliyokuandikia ile tarehe 15, na jinsi nilivyokuwa nimekaa juu kama hakimu.

Akavuta daftari. Aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyo, kisha akanigeuzia:

"Usione vibaya Mwalimu. Hata mimi bado siwezi."

Ndipo nikatazama upande wake wa meza. Kando ya sahani yake ya ugali kulikuwa na kijiko.

Nilikula ile nyama yote, kwa mkono. Yeye akala kwa kijiko. Tulimaliza, akaondoa vyombo, nikamsaidia kubeba sufuria, na gari lilipopiga honi akanisindikiza mpaka barabarani.

Ukitoka huko Mbamba Bay, kwa cheo chochote, njoo kwanza hapa Mbinga. Tutakaa kibarazani. Sina la kukufundisha.

Mjomba wako,
Melkior